ULIZA FUNDI: Namba ya moduli ya joto, ijue kwanza ndo uipigie hesabu

Barua nyingi safari hii zimetoka Kigoma na Tabora na karibu zote zinahusu kitu kimoja, mtu kafunga themokapo (sensa ya joto ya waya mbili) kwenye moduli (kipande kinachosoma sensa) ya PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo, alafu namba inayokuja kwenye programu haifanani kabisa na joto analolijua. Nimeamua ukurasa mzima uwe wa hilo tu, wale wa pampu na mota mnisubiri toleo lijalo. Hili ni jambo linalounguza mali za watu na linaweza kuunguza watu wenyewe, na mara nyingi hakuna kifaa kibovu, ni hesabu tu imekosewa.

Shikamoo fundi. Mi niko Kigoma, Gungu, kiwanda kidogo cha mawese. Tumeweka Siemens S7-1200 na ile moduli yake ya themokapo, themokapo ni aina ya K, iko kwenye tanki la kutulizia mafuta yatengane na maji. Programu ya presha ya boila ilishakuwepo na inafanya kazi vizuri, basi nikakopi bloku zake za skeli (vipande vya programu vinavyogeuza namba ya moduli iwe kipimo), 0 mpaka 27648, upande wa pili nikaweka nyuzi 0 mpaka 400. Nimeseti 85. Sasa skrini inasema 14 wakati tanki linachemka mpaka povu linamwagika sakafuni. Themokapo nimebadilisha, bado 14. Moduli imekufa?

Marahaba mdogo wangu. Moduli ni nzima, na ile themokapo uliyoitoa nayo ni nzima, iweke stoo usiitupe. Kabla hujaendelea kusoma, zima hita ya hilo tanki, nitakwambia kwa nini.

Ingia kwenye programu uangalie namba inayotoka kwenye moduli yenyewe, kabla haijaingia kwenye bloku yoyote. Kama skrini inasema 14 basi pale utakuta kitu kama 970, na hiyo 970 ndo joto lako, ni nyuzi 97.0. Moduli za themokapo za Siemens zinatoa joto tayari kwa sehemu za kumi za nyuzi, yaani moja ni nyuzi 0.1, basi. Unagawa kwa 10 umemaliza kazi.

Ile 27648 uliyokopi ni ya moduli za volti na za miliampia. Pale presha ya boila inakuja kama 4 mpaka 20 miliampia, moduli haijui kama ni presha au ni kina cha maji, inachojua ni kwamba 20 miliampia ni 27648, ndo maana wewe unatakiwa uiambie 27648 ni ba (kizio cha presha) ngapi. Themokapo ni habari nyingine kabisa. Pale waya mbili za metali tofauti zinatoa milivolti kidogo sana, jambo aliloligundua Seebeck mwaka 1821, na kwa aina ya K ni milivolti 4.096 kwenye nyuzi 100, 8.138 kwenye 200, 41.276 kwenye 1000, ukiangalia utaona haziendi kwa mstari ulionyooka. Sasa moduli yenyewe ndani ina jedwali la hizo namba, inapima milivolti, inaongeza joto la pale kwenye terminali, inatafuta kwenye jedwali, inakupa nyuzi. Kazi imeshafanyika. Wewe ukaichukua ile 970 ukaigawa kwa 27648 ukaizidisha kwa 400, ikatoka 14.

Sasa sikia kwa nini nimesema zima hita. Umeseti 85, na kwa hesabu yako ili skrini isome 85 moduli inatakiwa itoe 5875, ambayo ni nyuzi 587. Yaani hita yako ingeendelea kuwaka tu. Saa hizi kinachokusaidia ni maji yaliyo chini ya mafuta, maana yakichemka joto linagoma kupanda. Siku tanki likibaki na mafuta matupu hakuna cha kuzuia tena, na mawese yanashika moto mbali kabla ya 587. Hilo povu lilikuwa linakuokoa.

Unavyorekebisha: toa ile bloku ya skeli, chukua namba ya moduli, igeuze kwanza iwe ya desimali ndo uigawe kwa 10.0. Ukigawa ikiwa bado namba nzima 853 itakuwa 85 na ile 0.3 inapotea, si kosa kubwa kwa mawese ila ukiweka grafu utaona inapanda kwa ngazi ngazi. Kama bosi hataki programu iguswe sana na ni lazima bloku ibaki, basi upande wa juu badala ya 400 weka 2764.8, jibu litatoka sahihi, ila mi siipendi njia hiyo kwa sababu fundi atakayekuja baada yako ataiona 2764.8 ataanza kujiuliza tanki gani hilo. Na tafadhali weka kidhibiti joto cha pembeni kinachokata umeme wa hita chenyewe bila kupitia PLC. Hicho hakina mjadala kwenye tanki la mafuta.

Habari fundi, pole na majukumu. Nipo Ujiji, nimenunua mtambo wa sabuni wa mtumba, una PLC ya Allen-Bradley CompactLogix na moduli ya themokapo 1769-IT6. Niliambiwa themokapo unagawa kwa 10. Nikigawa napata 354.6 wakati kipimajoto cha kioo kinasema sufuria liko 85. Asubuhi kabla hatujawasha inasoma 301.7 na hali ya hewa ilikuwa nyuzi 32. Nimeona inazidi karibu 270 kila saa, kwa hiyo nataka nitoe 270 niendelee na kazi. Sawa?

Nashukuru ndugu, na umefanya kitu ambacho wengi hawafanyi, umepima sehemu mbili, baridi na moto. Bila ile ya asubuhi nisingekujibu kwa uhakika.

Hiyo 270 haikutokea hewani. Kwenye hiyo moduli themokapo ya K inaanzia nyuzi 270 chini ya sifuri mpaka 1370 juu, na aliyeupanga huo mtambo zamani alichagua moduli itoe namba kwa ajili ya PID (hesabu ya programu inayopunguza na kuongeza moto yenyewe), ambapo huo urefu wote wa nyuzi 1640 unatandazwa kwenye namba 0 mpaka 16383. Kwa hiyo sifuri yako ni nyuzi −270. Chukua namba ya moduli, 3546, zidisha kwa 1640, gawa kwa 16383, toa 270. Inakuja 85 kasoro kidogo sana, ndo kipimajoto chako.

Ukigawa kwa 10 na kutoa 270 utakaribia kwa sababu 1640 kwa 16383 imeangukia karibu na moja ya kumi, ni bahati ya aina ya K. Siku utaweka themokapo ya J, ambayo pale inaanzia −210 na kuishia 1200, ujanja huo utakupa 73 badala ya 85 na utapika sabuni siku nzima hujui kwa nini caustic haijaungana na mafuta. Tumia hesabu kamili.

Au badilisha mpangilio wa chaneli (njia ya sensa kwenye moduli) itoe nyuzi moja kwa moja. Hapo kuna mtego wa majina ambao nauona kila mahali. Kuna chaguo la vizio vya kawaida mara 1 na lingine mara 10. Mtu anadhani mara 10 ndo itampa namba kubwa. Ni kinyume, ile ya mara 1 inatoa sehemu za kumi, 85 utaiona 850, ile ya mara 10 inatoa nyuzi nzima, 85 ni 85. Kuna na lile la namba ghafi, kutoka −32767 mpaka 32767, hapo sufuria lako la 85 lingesoma kama −18581, ukiiona namba hasi namna hiyo usiite fundi wa umeme, ni mpangilio tu.

Ila kabla hujabadilisha chochote, tafuta kwenye programu nzima ni wapi pengine hiyo namba inatumika. Mtambo wa mtumba una mikono ya watu, pengine kuna PID sehemu inategemea 0 mpaka 16383 na ukibadilisha chaneli unaiharibu bila kujua.

Mkuu heshima kwako. Uvinza hapa, tanuri la kukaushia chumvi. Themokapo K mpya, kebo yake ina waya wa njano na mwekundu. Asubuhi inasoma vizuri 32. Tukiwasha moto inashuka! 32, 20, 10, sifuri, alafu ghafla inaruka 6553, inaendelea kushuka polepole, tanuri likifika 110 inasema 6502.2. Nimechoka.

Usichoke, hapa una makosa mawili kwa pamoja na yote ni ya dakika chache.

La kwanza waya zimepishana. Themokapo inatoa tofauti kati ya ncha ya moto na terminali, ikiwa umegeuza basi moduli inaona tofauti hiyo kama hasi. Asubuhi tanuri na paneli zote ziko 32, tofauti hakuna, inasoma vizuri, ndo maana watu wengi wakifunga wanapima baridi wanasema iko poa wanaondoka. Ukiwasha, inarudi nyuma. Na sababu ya kupishana naijua, ni huo waya mwekundu. Kwenye umeme wa betri tumezoea nyekundu ni chanya, lakini kwenye themokapo za mfumo wa Marekani nyekundu ni HASI kila mara, kwa K njano ndo chanya. Zile za mfumo wa IEC, K ni kijani chanya na nyeupe hasi. Kama rangi zimefutika au huna uhakika chukua sumaku ndogo, kwenye K waya unaovutwa na sumaku, hata kwa udogo, ndo hasi.

La pili ni hiyo 6553. Moduli inapotoa nyuzi −0.1 inatuma −1, ila wewe programu yako au skrini imewekwa isome namba bila alama ya hasi, basi −1 inageuka 65535, ukigawa kwa 10 ni 6553.5. Hiyo 6502.2 yako ni 65022, toa 65536 unapata −514, yaani nyuzi −51.4. Na nimepiga hesabu, themokapo ya K iliyogeuzwa, tanuri 110 na paneli 32, inatoa karibu kabisa na −51. Umeandika vizuri dalili zako mpaka zinajieleza zenyewe. Badilisha aina ya namba iwe inayobeba hasi hata kama tanuri lako halitafika chini ya sifuri maisha yake yote, maana siku waya zikigeuka tena unataka uione −51 ushtuke, usione 6502.

Kwa hili la kugeuza waya nina neno kwa wote. PLC inayoona joto linashuka inafanya nini? Inaongeza moto. Inaona limeshuka zaidi, inaongeza zaidi. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuwasha simama hapo hapo na kipimajoto cha pembeni mkononi, uone namba inapanda pamoja na moto ndo uende kunywa chai.

Fundi, Kasulu. Tanuri la mikate, Siemens, skrini inasema 3276.7 haibadiliki.

32767 ndo namba kubwa kuliko zote moduli inayoweza kutuma, maana yake waya umekatika au umechomoka au joto limepita mwisho. Tanuri la mikate halipiti nyuzi 1372, kwa hiyo ni waya. Chomoa upime uzima wake kwa mita, themokapo nzima ina omu chache tu. Alafu kwenye programu andika kabisa: ikija 32767, au −32768 ambayo ni mwisho wa upande wa chini, hita izime na taa ya hatari iwake. Usiilinganishe tu na joto uliloseti.

Kaka fundi, niko Urambo. Bani (banda la kukaushia) la tumbaku la kisasa, feni na hita zinaendeshwa na PLC. Usiku likiwa baridi iko sawasawa na kipimajoto cha ukutani. Hatua ya mwisho ya kukausha kikonyo tunataka 70, kipimajoto cha ukutani kinafika 70 ila PLC inasema 62. Kwenye hatua ya kuivisha rangi ya njano, huko kwenye 35, hatuoni tofauti kubwa.

Tofauti inayoanzia sifuri na kukua kadiri joto linavyopanda, kitu cha kwanza angalia aina ya themokapo kwenye mpangilio wa moduli. Nina imani kubwa wewe una themokapo ya K na moduli imewekwa J. J inatoa milivolti nyingi kidogo kuliko K kwa joto lile lile, 5.269 kwenye nyuzi 100 wakati K ni 4.096, kwa hiyo moduli inayosubiri J ikipata milivolti za K inadhani joto ni dogo. Nimepiga hesabu kwa terminali zilizo nyuzi 32, bani likiwa 70 moduli itasema 61.7. Hiyo ndo 62 yako.

Na tafadhali asije mtu akakushauri uongeze 8 kwenye programu. Kwenye 70 itakuwa sawa na kwenye 35 itakuwa imezidi, PLC itadhani rangi imeshaivishwa kwa joto la kutosha kumbe bado, na jani likikauka likiwa na kijani ndani yake hulirudishi tena. Mkulima amelima msimu mzima jamani. Ingia kwenye mpangilio wa chaneli weka K, pakia upya, basi.

Fundi habari za leo. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Sikonge tunachakata asali. Tuna tanki lenye maji ya moto pembeni, tunapasha asali mpaka 40 tu ichujike. Fundi alitufungia PLC ndogo na themokapo K. Asubuhi inakubaliana na kipimajoto cha mkononi. Mchana PLC inasema 40, cha mkononi kinasema 48. Kipimajoto kingine nacho 48. Paneli iko mbali, chumba cha pili, na alipounganisha waya haukutosha akaongezea waya wa spika. Mteja mmoja ameturudishia asali anasema imepashwa sana.

Salama dada, poleni sana. Dada umeshajijibu mwenyewe kwenye ule mstari wa waya wa spika, nikueleze tu kinachotokea.

Moduli inapima joto la terminali zake zenyewe na kuliongeza kwenye hesabu, kwa sababu inaamini waya wa themokapo umefika mpaka pale kwenye skurubu. Sasa waya wenu wa themokapo unaishia pale kwenye kiungio karibu na tanki, kuanzia hapo ni shaba, na shaba kwa shaba haiongezi kitu. Kwa hiyo kipimo halisi ni tofauti kati ya asali na KIUNGIO, lakini moduli inaongeza joto la PANELI. Asubuhi tanki halijapashwa, kiungio na paneli zina joto moja, kila kitu sawa. Mchana mvuke wa maji ya moto umekipasha kiungio, tuseme kimefika 41, paneli iko chumba cha pili kwenye kivuli, 33. Tofauti 8. Skrini inapungua 8 kuliko ukweli, PLC inaona 40 na inaridhika wakati asali iko 48.

Siku ya baridi itakuwa 4, siku ya jua kali itakuwa 10. Ndo maana hakuna namba ya kuongeza kwenye programu itakayowasaidia, na yeyote atakayekuja na laptopu akasema ataiskeli upya mwambieni alete waya kwanza.

Kinachotakiwa ni kebo ya themokapo ya aina ya K kutoka tanki mpaka paneli, ile yenye metali zile zile, au kebo ya kompensesheni ya K, na viungio vyake viwe vya K pia. Waya chanya uende na chanya, kwa sababu ukigeuza kwenye kiungio na ukageuza tena kwenye paneli, skrini itapanda vizuri tu na moto huku kosa likiwa mara mbili ya hilo mlilonalo sasa. Kama kebo hiyo ni ghali au haipatikani Tabora mjini, njia nyingine ni kuweka transmita ndogo pale pale kwenye kichwa cha sensa, inageuza kuwa 4 mpaka 20 miliampia, kutoka hapo waya wa shaba wa kawaida hauna shida, ila mtahitaji moduli ya miliampia na hapo sasa ndo mtatumia ile skeli ya 27648 kama PLC yenu ni ya Siemens.

Lakini kwa asali mi ningewashauri muachane na themokapo kabisa muweke Pt100, sensa ya platinamu inayopima joto kwa omu. Themokapo ya K ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea nyuzi 2.5 ikiwa mpya kabisa kutoka kiwandani, kwa tanuri si kitu, kwa asali ni nyingi. Pt100 ina omu 100 kwenye sifuri na 138.5 kwenye nyuzi 100, inapima vizuri sana kwenye joto dogo, ukiifunga kwa waya tatu shaba ya kawaida inatosha na urefu hausumbui. Inataka moduli yake, ya themokapo haiisomi.

Na msilichukulie dogo. Asali ikipashwa kupita kiasi inaongezeka kitu kinaitwa HMF na wanunuzi wa nje wanakipima maabara, kiwango cha kimataifa cha Codex ni miligramu 40 kwa kilo, kwa asali ya nchi za joto kama yetu wanaruhusu mpaka 80. Asali ya miyombo ya Tabora ina jina lake, na nyuzi 8 za kila mchana zikirudiwa kila tanki zinatosha kuwaharibia. Ile iliyorudishwa msiichanganye na nyingine, na mpaka waya ubadilishwe pasheni kwa kuangalia kipimajoto cha mkononi, skrini isahauni.

Fundi, Tabora mjini. Namba inacheza nyuzi nne tano kila mota ya mchanganyiko ikiwaka. Mashine imetoka Marekani.

Angalia kichujio cha chaneli. Marekani umeme ni hezi 60, mpangilio utakuwa umeachwa 60, hapa kwetu ni 50, weka 50. Alafu hamisha kebo ya themokapo isipite mfereji mmoja na kebo za mota, hasa kama kuna invata (kifaa cha kubadili mwendo wa mota), na ile nyavu ya kebo ifungwe ethi upande mmoja tu, kwenye paneli. Ikiendelea kucheza niandikie tena unambie ncha ya themokapo imegusana na ganda lake au haijagusana.

Shikamoo mzee. Kigoma, Mwanga. Nimesoma kwamba ukitaka kuhakiki themokapo unaitia kwenye maji yanayochemka, lazima isome 100. Yangu inasoma 97.3. Nimeweka ofseti ya 2.7 kwenye programu sasa inasoma 100 kamili. Nimefanya vizuri?

Marahaba mwanangu. Itoe hiyo ofseti leo leo, themokapo yako iko sahihi.

Maji yanachemka kwenye 100 ukiwa usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 773 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, pale Kigoma maji yanachemka kwenye 97.4. Tabora ni juu zaidi, mita 1200 hivi, kule ni kama 96. Kwa hiyo 97.3 ni kipimo kizuri mno, na kwa ofseti yako sasa kila kitu unachopika kinapungua karibu nyuzi tatu.

Pima na upande wa baridi. Nenda mwaloni Kibirizi kwa wauza barafu ya samaki, chukua kidogo, ivunje iwe ndogo ndogo kabisa ujaze chupa ya chai ya kutunza joto, mimina maji safi kiasi cha kujaza nafasi kati ya vipande, siyo barafu ielee juu ya maji, koroga, tia ncha katikati isiguse chini wala pembeni, subiri namba itulie. Hiyo ni sifuri, na sifuri haibadiliki sana na mwinuko. Ukitumia barafu angalia isiwe iliyowekwa chumvi, chumvi inashusha.

Na ukiwa hapo chukua mita uiweke kwenye milivolti, chomoa waya za themokapo kwenye moduli uzipime, ncha ikiwa kwenye barafu. Paneli ikiwa 32 utaona milivolti −1.3 hivi. Ukihamishia ncha kwenye maji yanayochemka utaona +2.7. Ukizipata hizo themokapo na kebo ni nzima, na kama skrini bado inasema kitu kingine rudi kwenye programu, angalia namba ya moduli kabla ya bloku yoyote, niandikie na namba hiyo.